Milimita Ishirini na Tisa

Tulitoka tumbo moja, dakika sita zikitutenga,
Hadewych mbele, mimi nikifuata kisigino chake.
Mama alitushonea sare kwa kumpima mmoja:
kinachomtosha Kurwa, Doto atalalamikia nini?

Basi alipolipata tandiko la ndoto zake,
jembamba kama ulimi wa kiatu,
reli za kaboni, gramu mia na arobaini,
alininunulia la pili, akalifunga utepe.
"Naujua mwili wako," alisema. "Si ndio wangu?"

Kipupwe kizima nililikalia.
Zottegem hadi Brakel, Brakel hadi Ronse.
Kilomita thelathini za kwanza ni adabu,
thelathini za pili ni subira,
baada ya hapo ni mambo yasiyoandikwa.
Nilisimama kwenye pedali kama mtu anayetafuta ndege angani.
Nilikaa upande, kama mgeni kwenye kochi la wakwe.
Nikapaka mafuta. Nikabadili bukta. Nikanyamaza,
maana mchagua jembe si mkulima,
na Hadewych alikuwa mbele, mgongo umetulia kama meza.

Februari, ganzi ilipofika mahali nisipopataja,
nilikwenda kwa Joris, nyuma ya stesheni.

Joris alikuwa fundi viatu kabla ya baiskeli.
Alikata kipande cha boksi la friji,
akakilaza juu ya kigoda kigumu,
akageukia dirisha kwa heshima.
"Kaa. Inua magoti. Jivute chini kwa mikono.
Sasa ondoka."
Vishimo viwili vilibaki,
kama dole gumba lililobonyeza unga mara mbili.
Akavizungushia chaki, akaweka rula:
mia na thelathini na nane.

Mkono wangu ulikwenda kwenye nene, lenye godoro.
"Hilo acha. Ulaini ni mwongo.
Mifupa itazama, nyama itapanda,
saa ya pili utakuwa umekalia ngumi.
Tafuta lililo pana panapotakiwa, gumu kiasi,
mfereji katikati damu ipite,
pua fupi, ukiinama isikuulize swali.
Na mimi usiniamini.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Chukua hili wiki mbili. Likikukera, rudisha."

La kwanza nilirudisha.
La pili nilirudisha, na paja limechubuka.
La tatu lilikuwa na sura mbaya, butu kama nyundo,
limeshatumika, limekwaruzwa ubavuni na mtu nisiyemjua.
Nililishusha milimita nne,
nikaiinamisha pua kidogo, pimamaji ikinikaripia,
nikalipeleka Paddestraat,
kilomita mbili na ushee za mawe
ambako baiskeli husema yote iliyokuficha.
Meno yaligongana. Chupa ilirukaruka. Viganja vililia.
Nilipoifikia lami nilijikuta nawaza supu ya vitunguu.
Supu tu.

Hadewych alilishika kwa vidole viwili.
"Hili ni la mtu mwingine," alisema.
Nikamwambia, ndiyo.
Siku tatu hakunipigia simu.
Ya nne alikwenda kwa Joris, kwa ubishi tu,
akakaa kwenye boksi lile lile, akajivuta chini kwa nguvu zote
kana kwamba mifupa hutanuka kwa kulazimishwa.
Mia na tisa.

Vipande vyote viwili tumevipigilia garejini,
juu ya pampu, bila majina.
Jumapili Mama alisimama mbele yake na kahawa yake,
yeye ambaye hadi leo hutukosea kwenye simu,
akanyoosha kidole bila kusita:
"Huyu ndiye Machteld."

Alikosea.
Na mimi, niliyezoea kuitikia majina yote mawili,
nilicheka hadi nikakaa chini,
kwenye saruji tupu.